Saa Nne ya Kwetu

Saa sita kasoro dakika tano mchana, siku ya Jumanne, simu ya Redempta iliwaka juu ya meza ya ofisi ya safari, hapo Dubai, na jina lililotokea lilikuwa la mtu aliyekwisha kuzikwa.

Bi Khairiya anarekodi sauti.

Redempta alitoa mkono kwenye kompyuta akauweka mapajani. Alijua ni nani anayerekodi. Bwana Badar alimwambia mwenyewe wiki iliyopita kwamba safari hii angetumia simu ya marehemu mkewe, kwa kuwa yake imechoka na ya mkewe ndiyo yenye picha zote. Alijua. Lakini kujua ni jambo la kichwani, na ubaridi ulikuwa umempita mgongoni kabla kichwa hakijasema neno. Picha ndogo pembeni mwa jina ilikuwa ileile: bibi mnene kiasi, mtandio wa zambarau, anacheka kama mtu aliyeombwa asicheke.

Ujumbe ukaingia. Akauweka sikioni.

“Redempta mwanangu, sie tushafika stesheni ya hapa Vienna. Watu wengi, wallahi, utadhani sikukuu. Khairiya ameona baridi, shali yake nimemtandikia hapa kwenye benchi. Hebu tuambie, behewa namba ngapi? Na usituambie saa. Saa tunaijua.”

Redempta alifungua tiketi kwenye kompyuta. Akabonyeza kitufe akajibu kwa sauti ndogo: behewa la ishirini na nne, viti vya sitini na moja na sitini na mbili, kimoja cha dirishani. “Safari njema, babu,” akaongeza. Kisha, kwa sababu hakuweza kuacha, “Safari njema kwenu.”

Upande wa pili wa meza, Hudson aliinua macho kutoka kwenye lundo la pasipoti. Alikuwa Mkenya wa Kakamega, mtu wa viza, na mdomo wake ulikuwa haujui likizo.

“Dempta, huyo mzee bado anaongea na bibi yake?”

“Hudson, acha.”

“Si nauliza tu. Mimi nikifa, wangu atabadilisha laini siku hiyohiyo.”

Lakini alilisema hilo bila kucheka, na macho yake hayakukaa kwenye simu ile. Hudson naye alikuwa na sababu zake.

Mwaka mmoja nyuma Bwana Badar na Bi Khairiya walikuwa wawili kweli. Mtoto wao wa pekee, Rama, alikwenda Praha kusoma uhandisi akiwa na miaka ishirini, zamani, na majira ya pili ya baridi yakamuua kwa homa ya mapafu. Wanafunzi wenzake walimzika kwenye kipande cha Waislamu cha makaburi ya mji. Bwana Badar na mkewe, watu wa Unguja waliohamia Dubai wakiwa vijana, waliipata habari kwa barua. Kwa miaka mingi karatasi zao hazikuwaruhusu kuvuka mpaka wowote. Zilipokuja kukaa sawa, Bi Khairiya alikuwa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki kwenye kliniki ya hapo Oud Metha, mtaa wa pili kutoka ofisini kwa kina Redempta. Ndivyo walivyojuana. Akitoka kwenye mashine hupita kupumzika kwenye kiti cha wateja, akingoja dereva, na tangu siku ya kwanza alimwita Redempta “mwanangu” na kumletea visheti kwenye kopo la maziwa ya unga.

“Nipeleke kwa Rama,” alimwambia siku moja. “Nimwone hata mara moja. Nimechoka kumwombea mbali kama mgeni.”

Redempta alikuwa na shahada ya utalii aliyoisomea kwa mkopo, na miezi saba tu ya kazi, na alidhani ndani ya moyo wake kwamba kazi hii ndiyo aliyozaliwa kuifanya. Aliipanga safari ile kama mtu anayedarizi kofia. Hospitali moja ya Vienna ilikubali kumsafisha damu Bi Khairiya Jumatatu. Jumanne mchana, treni ya kwenda Praha. Mlinzi wa makaburi hufunga geti saa kumi za jioni, lakini siku ile moja alikubali kungoja mpaka saa kumi na moja na nusu, na walitakiwa kufika kabla yake. Jumatano alfajiri, ndege ya kurudi, kwa sababu Jumatano jioni mashine ya Oud Metha ilikuwa inamngoja, na mashine ile haikuwa na subira. Mahali pa kupumulia hapakuwapo.

Jioni ya Jumatatu ile, shirika la reli lilibadilisha ratiba. Njia inatengenezwa, treni ya mchana imefutwa, wenye tiketi wapande ya asubuhi. Redempta alikuwa amekwisha kuvaa mkoba begani. Aliandika upesi kwa Bi Khairiya: Treni yenu imebadilika. Sasa ni saa nne na dakika kumi. Hakuandika asubuhi. Kwa msichana wa Muleba, Tanzania bara, saa nne ni saa nne, na nani apande treni ya kwenda makaburini usiku?

Bi Khairiya akajibu akiwa hotelini: Mwanangu, hii saa nne ni ya kwetu au ya kwao?

Redempta aliisoma kesho yake kwenye metro, akitokea kwake Al Rigga, amebanwa na watu mlangoni. Vienna walikuwa bado wamelala. Muda ulikuwepo wa kujibu hata mara kumi. Akacheka. Saa nne ya kwao ndiyo nini? Akasema akifika atamwonyesha Hudson. Akamwonyesha. Hudson akapiga meza kwa kicheko. Kisha akaingia mteja mwenye haraka, simu ikafunikwa na mafaili, na meseji ikabaki na tiki zake mbili za buluu: imesomwa, haijajibiwa.

Wazee wale walikwenda stesheni alasiri. Bahati mbaya, ipo treni nyingine ya wakati huo, nayo ikawachukua bila kuuliza. Walifika Praha giza likiwa limeingia. Geti lilikuwa limefungwa. Alfajiri wakapanda ndege. Miezi minne baadaye Bi Khairiya akafariki bila kumwona mwanawe.

Redempta alikwenda msibani. Sebuleni, juu ya televisheni, aliona saa mbili za ukutani zimetundikwa kandokando, zote zinatembea, moja imeipita nyingine kwa masaa sita.

“Hii imeharibika?” alimuuliza binti mmoja wa ukoo aliyekuwa akigawa kahawa.

“Hiyo? Hiyo saa ya bibi. Aliitegesha Kiswahili, mshale uko kwenye nne ikiwa saa nne. Ile ya babu ni ya Kiarabu. Babu ukimwambia saa nne, yeye anajua alasiri, hata umwambie kwa Kiswahili. Nyumba hii ukialikwa chakula, kwanza uulize kwa saa ya nani.” Wanawake waliokaa karibu wakacheka huku wanafuta machozi. Redempta alitoka nje akavaa viatu bila kufunga kamba; sasa alijua saa nne ya kwao ni ipi.

Hakumwambia mtu. Kila usiku wa mwezi ule aliifungua meseji ile akaitazama, na kila alipotaka kuijibu, aliliona jina na vidole vikaganda. Unamjibu nini maiti?

Kisha, mwezi uliopita, Bwana Badar alisukuma mlango wa ofisi, kanzu nyeupe, fimbo mkononi, miaka themanini na moja.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba. Nataka safari ileile. Hoteli ileile, njia ileile. Treni ya saa nne na dakika kumi. Viti viwili.”

“Viwili, babu?”

“Sie tuko wawili,” alisema Bwana Badar, na Hudson akainama ghafla kwenye pasipoti zake kama mtu aliyeangusha kalamu. Daktari, mzee alisema, amempa ruhusa ya kupanda ndege mara hii, baada ya hapo khalas. Geti hufungwa saa kumi. Jumatano alfajiri, ndege. Kila kitu kilikuwa kilekile. Akipotea njiani, akichelewa, Rama atabaki hajatembelewa na mzazi hata mmoja, na Redempta alijua kwamba ikiwa hivyo hatakuwa tena na mahali pa kuuweka uso wake.

Treni iliondoka kwa wakati. Ikaja picha: dirisha, na kwenye kioo kivuli cha mzee aliyeinua simu. Redempta aliikuza kwa vidole viwili. Kiti cha pembeni kilikuwa na shali ya zambarau iliyokunjwa vizuri, na juu yake mkoba wa kike, mweusi, mdomo umefungwa. Aliifunga picha haraka.

Saa saba na nusu simu ikawaka tena. Bi Khairiya anarekodi sauti. Maneno yale yalikaa pale dakika nne nzima. Sauti ilipofika, ilikuwa ni treni tu, magurudumu yakigonga reli kwa mpigo mmoja. Redempta alielewa: mzee amekalia kitufe. Alikuwa aizime, akaisikia sauti yake kwa mbali.

“Sogea kidogo, Khairiya, uone. Yale manjano yote maua.”

Kimya. Magurudumu.

“Ee. Hata mie nimeona.”

Kimya tena, kirefu zaidi, kimya cha mtu anayemsikiliza mwenzake hadi amalize. Kisha mzee akacheka polepole, akasema, “Huachi wewe, huachi,” na kile kimya kikarudi. Redempta alikuwa ameibana simu sikioni mpaka sikio likauma. Alijiambia ni injini. Alijiambia ni abiria. Lakini katikati ya kimya cha tatu alisikia kitu kama mtu anayevuta pumzi kabla ya kusema, karibu sana na simu, karibu kuliko mzee. Akaiondoa sikioni kwa haraka, ikagonga kikombe.

“We! Umeona jini?” Hudson aliuliza.

“Chai imemwagika tu.”

“Hujanunua chai leo.”

Saa tisa na dakika tano ikaja meseji ya maandishi. Treni imesimama. Shambani. Wanasema waya umekatika mbele.

Huko kwao ilikuwa saa saba na dakika tano. Redempta alipiga hesabu kwenye kikaratasi. Kufika saa nane na dakika kumi, teksi nusu saa, hakuna tabu. Akafungua ukurasa wa reli: kuchelewa dakika ishirini. Akaufungua upya: arubaini. Mara ya tatu pale penye dakika paliandikwa kistari tu.

“Redempta.” Meneja wao, Madam Dorcus, Mganda aliyekuwa akitembea bila viatu kusikika, alisimama nyuma yake. “Leo una mteja mmoja tu? Kuna familia ya watu saba ya kwenda Georgia inangoja pale mbele.”

“Madam, dakika mbili.”

“Dakika zako mbili nazijua. Yalla, haraka.”

Aliwahudumia wale saba huku simu iko mapajani. Walipoondoka alitoka kwenye ngazi za nyuma, kwenye joto, na kumpigia mlinzi wa makaburi. Alikuwa mzee wa Kibosnia, Kiingereza chake cha kuokotaokota. Redempta alimweleza treni, waya, mzee, kijana aliyezikwa. Alimwomba angoje kama alivyokubali mwaka jana.

“Mwaka jana nilingoja,” alijibu yule mlinzi. “Mkubwa alikasirika. Sasa hapana. Nne ni nne.”

Redempta alielewa ni nne ya Kizungu, saa kumi ya jioni. Nne ni nne. Aliyasikia maneno yale kwa sauti yake mwenyewe, kwenye metro, akicheka.

Simu ilipokatika, ikaita papo hapo. Picha ya mtandio wa zambarau ikajaa kioo kizima. Aliiacha iite mara tatu kabla ya kuipokea.

“Bado tumekaa,” alisema Bwana Badar. “Wametupa maji ya bure. Watoto wanakimbizana humu ndani. Khairiya anasema usilie.”

Redempta hakuwa analia. Aliposikia hivyo, akaanza.

“Babu, nina neno.”

“Lete.”

“Ile meseji ya Bi Khairiya. Ya mwaka jana.”

“Ya saa nne.”

“Niliiona. Asubuhi na mapema. Muda ulikuwepo, babu. Nikaona kichekesho. Nikamwonyesha mwenzangu, tukacheka. Sikujibu.” Maneno yalitoka yote kwa mkupuo, kama maji ya bomba lililokuwa limeziba. “Ningejibu neno moja tu, mngefika. Bibi angemwona.”

Upande wa pili mtoto alipiga kelele kwa lugha asiyoijua. Kisha mzee akasema taratibu, “Najua uliiona. Simu yake ninayo mie. Tiki mbili za buluu. Mwaka mzima nalala nazo.”

“Nisamehe, babu.”

“Ngoja. Sasa nskize mie na yangu, maana sijamwambia mtu. Khairiya alikuwa hana haja ya kukuuliza. Alikuwa anajua. Alinambia mara tatu: Badar, hii ni asubuhi, huyu mtoto ni wa bara, anahesabu kama sie. Nikamwambia, huyo mtoto anafanya kazi Dubai, na la geti kashalipanga, wewe na saa yako ya ukutani mtatutia aibu mbele za watu. Alikuuliza wewe apate wa kumtetea kwangu. Asubuhi ile kavaa mapema, kakaa kitandani, mkoba mapajani. Mie nanyoa ndevu. Kanyamaza. Khairiya alikuwa si mtu wa kunyamaza, lakini siku ile alinyamaza, na alinyamaza hivyo hivyo mpaka treni yetu imeondoka bila ya sie. Kule getini kashika vyuma kwa mikono miwili. Hakunilaumu hata neno. Bora angenilaumu.” Akakohoa. “Kwa hiyo usiichukue yote peke yako. Nachie na mie sehemu yangu.”

Redempta alikaa kwenye ngazi. Saruji ilikuwa ya moto, hakuisikia.

“Safari hii nimemwambia tutakwenda kwa saa yake,” mzee aliendelea. “Hata hii ya mkononi nimeitegesha Kiswahili. Wale wa hoteli jana wamenitazama kama mwendawazimu.”

“Babu, geti…”

“Geti ni la Mungu. Lakini lipo jambo moja lililobaki, mwanangu, nalo ni lako. Wewe hujamjibu.”

“Babu?”

“Kauliza. Hajajibiwa. Tangu arobaini yake namsikia nyumba nzima, huku na huku, kama mtu aliyesahau kitu jikoni. Mwanzo nilidhani anamtafuta Rama. Hapana. Mtu hulala vipi na suali lake mkononi?”

“Nimjibu wapi?”

“Palepale alipokuuliza. Ila si sasa. Tukishafika kwa mtoto. Ukimjibu kabla, tukakuta pamefungwa, itakuwa kama kumdhihaki.” Kisha sauti yake ikainuka. “Eh! Eh! Inatembea! Khairiya, inatembea!”

Ilikuwa saa kumi na dakika ishirini Dubai, saa nane na dakika ishirini kwao. Waliingia Praha, kwa saa za huko, saa tisa na dakika thelathini na tano. Redempta alikuwa amekwisha kumwitia mzee teksi na kumtumia jina la dereva na namba ya gari, na mzee akaandika: Tumempata. Mtu mwema. Amenifungulia milango yote miwili. Hudson, aliyekuwa anasoma juu ya bega lake, akarudi kwenye kiti chake.

Saa kumi na mbili kasoro dakika kumi kwa saa za Dubai, gari lilikuwa limekwama kwenye msururu. Redempta alimpigia tena mlinzi. Safari hii hakumweleza waya wala treni. Alimweleza kosa. Alimwambia kwamba mwaka jana yeye ndiye aliyeulizwa saa na hakujibu, kwamba mtu aliyeuliza amekufa, na kwamba kama anatafuta wa kumkasirikia basi ni yeye, aliyeko Dubai, si mzee aliyeko barabarani.

“Wanakuja wangapi?” mlinzi aliuliza.

Redempta alitazama tiketi kwenye kompyuta. “Wawili,” alisema.

“Mwaka jana pia wawili,” alisema yule mtu polepole. “Usiku. Mimi nakaa nyumba ya getini. Niliwaona dirishani. Mama ameshika vyuma. Nilikuwa nimevua viatu. Nilijiambia, watarudi kesho.” Akapumua. “Sikuvaa viatu. Wanafika lini?”

“Dakika kumi baada ya nne. Labda kumi na tano.”

“Leo nimevaa viatu,” alisema, akakata.

Ofisi yao hufungwa saa kumi na mbili jioni, na saa kumi na mbili ya Dubai ndiyo saa kumi ya Praha. Madam Dorcus alizima taa za mbele. Alimtazama Redempta, akamtazama Hudson ambaye kazi yake ilikwisha zamani na bado amekaa, akaweka funguo juu ya meza. “Mtafunga wenyewe,” alisema. “Na feni mzime, inshallah.” Akaondoka.

Saa kumi na mbili na dakika kumi na mbili, maandishi yaliingia bila nukta, bila herufi kubwa.

tuko getini liko wazi simu inakufa chaji imebaki moj

Basi. Chini ya jina la Bi Khairiya lile neno linaloonyesha kwamba mtu yuko mtandaoni likafutika.

Redempta aliiweka simu mezani kwa mikono miwili. Ofisi ilikuwa imetulia, kompyuta zimelala, magari ya nje yakisikika kama kitu kilicho chini ya maji. Hudson alivuta kiti chake akaja kukaa upande wake.

“Andika, Dempta,” alisema. “Mimi pia nilicheka.”

Akapandisha mazungumzo juu, juu zaidi, akipita tiketi na namba za mabehewa na picha ya shali, akiupita mwaka mzima, hadi akaikuta. Mwanangu, hii saa nne ni ya kwetu au ya kwao? Aliishika kwa kidole, ikashuka chini kusubiri jibu lake. Kwa mara ya kwanza vidole havikuganda. Aliandika: Ni saa nne ya kwetu, Bibi. Ya asubuhi. Ulikuwa sawa. Nisamehe nimekuchelewesha.

Akatuma.

Tiki moja, ya kijivu. Simu ya upande wa pili imezimika. Haiwezi kupokea kitu.

Walikaa. Hudson aliokota pasipoti moja akaifungua na kuifunga. Redempta aliwaza kuhusu Bwana Badar akitembea kwenye njia ya mawe, fimbo ikigonga, akisoma majina. Alitumaini mlinzi amemshika mkono. Alitumaini kijana yule, aliyengoja tangu kabla Redempta hajazaliwa, amesikia hatua zikimjia na kutambua kwamba safari hii si za mgeni.

Tiki ya pili ikatokea.

“Amechaji,” Hudson alinong’ona.

Kisha zote mbili, mbele ya macho yao, zikageuka buluu.

Simu ikaita kwa namba ngeni, namba ya Praha. Redempta aliipokea akiwa amesimama bila kujua amesimama saa ngapi.

“Redempta mwanangu.” Alikuwa Bwana Badar, upepo ukimpiga. “Tumefika. Tumempata. Jina lake wameliandika vizuri, hawakukosea hata herufi. Nimemsomea Yasini. Huyu bwana wa geti kanipa simu yake, maana ile ya Khairiya ilizimika palepale nilipokuandikia. Nimeitia kwenye mkoba wake.”

Redempta alimtazama Hudson. Hudson, aliyesikia kila neno, alikuwa ameweka kiganja mdomoni.

“Babu, hujaiwasha tena?”

“Niiwashe na nini? Chaja iko hotelini.” Upepo ukapungua, kama mtu aliyegeuka kuupa mgongo. “Umemjibu?”

“Nimemjibu.”

“Na yeye?”

Redempta aliitoa simu sikioni kidogo akatazama. Tiki mbili, buluu kama bahari ya kwenye ramani za ukutani. Akairudisha.

“Ameisoma, babu.”

Bwana Badar hakushangaa. Alisikika akiuweka mdomo mbali na simu, na sauti aliyoitumia haikuwa ya kuongea na mlinzi, wala na Redempta, wala na kaburi. Ilikuwa sauti ya mume anayemgeukia mkewe kwenye kiti cha pili. “Unaona?” alisema. “Si nilikwambia atajibu.”

Kikafuata kimya. Kirefu, chenye mahali pa mtu ndani yake. Na safari hii Redempta hakuiondoa simu sikioni.